Yatima wa gorila na sokwe mtu: sheria inakataza kuwaua, lakini anayewatunza anafuata sheria gani?

Mwezi wa sita mwaka wa 2007, walinzi wa mbuga ya Virunga walimkuta porini mtoto wa gorila wa miezi miwili. Alikuwa ameshikamana na mwili wa mama yake, aliyekwisha kuuawa na watu wenye silaha. Wakampeleka Goma. Usiku ule, mlinzi mmoja kwa jina André Bauma alivua shati, akamweka mtoto yule kifuani, ngozi kwa ngozi, na kukesha naye hadi asubuhi. Alikuwa dhaifu, na baridi ingemuua kabla ya njaa.

Mtoto yule akapewa jina la Ndakasi. Aliishi miaka 14. Tarehe 26 mwezi wa tisa 2021, baada ya ugonjwa wa muda mrefu, alifia katika kituo cha Senkwekwe pale Rumangabo, wilaya ya Rutshuru, akiwa mikononi mwa Bauma yuleyule. Picha ya kichwa chake kwenye kifua cha mlezi wake ilizunguka dunia nzima, na Bauma mwenyewe akasema alimpenda kama mtoto wake.

Wengi waliona huruma katika picha ile, na haki yao. Ila nyuma yake kuna jambo ambalo halizungumzwi sana hapa kwetu. Kati ya ule usiku wa Goma na siku ile ya Rumangabo, watu walikata maamuzi mengi juu ya mnyama mmoja: ashikwe au asishikwe, arudishwe porini au abaki, apewe dawa gani, nani amsogelee, nani apige picha naye. Hakuna hata moja kati ya maamuzi hayo ambalo Bauma angeweza kulisoma katika kitabu cha sheria cha Congo.

Si kwamba nchi haina sheria. Congo ilijiunga na mkataba wa CITES, ule unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mwaka wa 1976. Sheria ya uwindaji ya tarehe 28 mwezi wa tano 1982 iliweka gorila na sokwe mtu, ambaye wengi Kivu humwita sokomutu, kati ya wanyama wanaolindwa kabisa: hairuhusiwi kumuua, kumkamata, wala kumfuga nyumbani. Kisha ikaja sheria namba 14/003 ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014 juu ya uhifadhi wa viumbe, ambayo iliongeza adhabu na kuipa nguvu zaidi taasisi ya ICCN, yenye kusimamia mbuga zetu.

Ukizisoma, utaona zinamtazama mnyama kama mali ya taifa na kama sehemu ya jamii yake. Zinauliza kama gorila watabaki katika msitu, kama mbuga ina mipaka, kama mwindaji ana kibali. Kwa wanyama wa kufugwa, kanuni ya adhabu inamfikia yule aliyeua mnyama wa mtu mwingine kwa ubaya, kwa sababu ameharibu mali ya jirani. Maumivu ya mnyama mwenyewe hayana nafasi kubwa katika maandiko hayo.

Mawazo yanayoanzia kwenye maumivu hayo yalitoka kwingine. Mwaka wa 1965, kamati iliyoundwa na serikali ya Uingereza kuchunguza mashamba ya mifugo, iliyoongozwa na Profesa Brambell, ilisema kwamba mnyama anayefungiwa lazima aweze angalau kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo vyake. Baadaye hayo yakapanuliwa yakawa yale yanayoitwa uhuru wa aina tano: mnyama asiwe na njaa wala kiu, asikae mahali pa mateso, asiachwe na maumivu au ugonjwa, aweze kuishi kwa tabia za asili yake, na asiishi katika woga. Shirika la kimataifa la afya ya wanyama lenye makao Paris, ambalo Congo ni mwanachama wake, liliingiza kanuni za namna hiyo katika vitabu vyake kuanzia mwaka wa 2005, zikiwemo za kusafirisha na kuchinja mifugo.

Mtu yeyote aliyekwisha kuona mbuzi wamefungwa miguu na kulazwa nyuma ya pikipiki kuelekea soko, au kuku wananing'inia vichwa chini kwenye usukani, anajua kanuni hizo zimefika wapi kwetu. Zimefika katika makaratasi.

Kwa hiyo, katika vituo vinavyolea yatima wa msituni, kazi inaongozwa na kanuni ambazo watunzaji wamejiwekea wenyewe au wamekubaliana na wenzao wa Afrika. Baadhi ya kanuni hizo zinaumiza.

Ya kwanza inagusa pesa. Mtoto wa sokwe mtu hafiki mikononi mwa binadamu bila damu kumwagika. Mama yake hamwachi, na mara nyingi wengine wa kundi humtetea, kwa hiyo mwindaji huua wakubwa, nyama ikaenda sokoni, mtoto akauzwa akiwa hai. Sasa fikiria mtu anafika kwenye lango la kituo na kitoto kimefungwa kamba kiunoni, kinalia, kina vidonda, na mwenye kukileta anaomba arudishiwe pesa aliyotoa kukinunua. Pesa yenyewe si nyingi, na kitoto kikiondoka kinaweza kufa kabla ya jua kuzama.

Jibu la vituo hivyo ni hapana. Haitolewi hata franka moja. Mnyama anachukuliwa na ICCN kwa nguvu ya sheria, au analetwa bure. Kama kituo kingelipa leo, kesho pangekuwa na bei, na bei hiyo ingefika haraka hadi kijiji cha mwisho kabla ya msitu. Ni rahisi kuyaandika hayo ukiwa umekaa mezani. Kwa mtunzaji aliyesimama langoni anayesikia kile kilio, ni mambo mengine.

Kituo kinachojua vizuri uzito huo ni kile cha Lwiro, wilaya ya Kabare, kaskazini mwa Bukavu, pembeni ya mbuga ya Kahuzi-Biega. Kilianzishwa mwaka wa 2002 na ICCN pamoja na kituo cha utafiti cha CRSN, katika uwanja wa majengo yale makubwa ambayo Wabelgiji waliyajenga kwa ajili ya sayansi. Leo kinatunza zaidi ya sokwe mtu 100, pamoja na kima wengi na kasuku. Wengi wao walikamatwa kwenye barabara, kwenye kambi za wenye silaha, kwenye parseli za watu wenye uwezo waliotaka mnyama wa kuchezea. Wengine wana alama ya kamba shingoni hadi leo, wengine wamepoteza vidole katika mtego.

Hapo ndipo inakuja kanuni ya pili, ambayo inashangaza wageni. Majike wa sokwe mtu katika vituo vilivyo ndani ya muungano wa PASA, muungano wa vituo vya Afrika ulioundwa mwaka wa 2000, hawaachwi wazae ovyo. Wanawekewa kijiti cha kuzuia mimba chini ya ngozi, sawa na kile ambacho akina mama wanapata katika vituo vya afya. Watu huuliza: mnyama yuko hatarini kuisha, ninyi mnamzuia kuzaa? Hesabu ndiyo inayojibu. Sokwe mtu anaweza kuishi zaidi ya miaka 40 akitunzwa. Kila mtoto anayezaliwa ndani ya uzio anachukua nafasi, chakula na mlezi ambavyo vingemwokoa yatima atakayekamatwa wiki ijayo, na yeye mwenyewe hatajua msitu. Kumnyima kuzaa kunagusa ule uhuru wa kuishi kwa asili yake. Kumwachia azae kunagusa uhuru wa wengine wote. Watunzaji wamechagua, na hawajifanyi kwamba chaguo lao halina hasara.

Kanuni ya tatu ni ile ya kutoshika, na hapa hadithi ya Ndakasi inarudi. Mwezi wa nne 2019, mlinzi Mathieu Shamavu alijipiga picha pale Senkwekwe, nyuma yake Ndakasi na mwenzake Ndeze wamesimama wima kama watu wanaongoja basi. Watu wa dunia nzima waliipenda. Mbuga ikalazimika kueleza kwamba gorila hao ni yatima waliolelewa na walinzi hao tangu utotoni, na kwamba mgeni hawezi kufanya hivyo na gorila wa msituni.

Maelezo hayo yalihitajika. Mwaka wa 2021, wataalamu wa nyani ndani ya muungano wa kimataifa wa uhifadhi, IUCN, walitoa mwongozo juu ya picha tu: usionyeshe mtu amembeba mnyama, usimwonyeshe mtunzaji bila barakoa karibu naye. Sababu ni kwamba mwenye kuiona picha katika simu haoni mama aliyeuawa. Anaona kitoto kizuri cha kuchezea, na mahali fulani mtu mmoja kati ya wengi atatafuta cha kununua. Picha ya huruma inaweza kufanya kazi ya matangazo ya biashara. Ni vigumu kukubali kwamba hata ile picha ya mwisho ya Ndakasi na Bauma, ambayo iliwaliza watu, ingeweza kuvunja mwongozo huo.

Ugonjwa ni sababu nyingine. Gorila na binadamu wanafanana hadi katika mafua. Mwaka wa 2009, upande wa Rwanda wa milima hiyohiyo ya Virunga, virusi vya kifua vya binadamu viliingia katika familia ya Hirwa, jike mmoja na mtoto mmoja wakafa. Ndiyo sababu mtalii alikatazwa kukaribia chini ya mita 7, na baada ya Covid-19 IUCN ikashauri ziwe mita 10. Mlezi wa yatima hana mita hizo. Mtoto wa gorila asiyeshikwa anakufa, kwa hiyo mlezi anamshika, na ndiyo sababu afya ya mlezi ni sehemu ya dawa ya gorila: akikohoa, habari yake si yake peke yake tena.

Huko msituni kwenyewe swali linageuka: je, mganga wa wanyama aingilie? Kikundi kinachojulikana kama Gorilla Doctors kilianza mwaka wa 1986 upande wa Rwanda, baada ya Dian Fossey kuomba msaada wa mganga, naye akauawa kabla ya kuuona. Leo waganga wake Wacongomani, akiwemo Dokta Eddy Kambale Syaluha, wanapanda milima ya Virunga na Kahuzi-Biega. Kanuni yao ni fupi: gorila wa porini anatibiwa kama ugonjwa au kidonda kimeletwa na binadamu, au kama kinatishia maisha yake. Madume wawili wakipigana na mmoja akachanika mkono, mganga atatazama tu. Mtoto akinaswa na waya wa mtego uliowekwa kwa ajili ya swala, mganga atafyatua sindano ya usingizi, atakata waya, atasafisha kidonda, huku walinzi wakimzuia baba wa familia asiwarukie.

Kuna wanaosema kutibu ni kuharibu asili. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka wa 2011 juu ya gorila wa milima ya Virunga ulionyesha kwamba makundi yaliyozoea watu, yale yenye walinzi kila siku na mganga akihitajika, yaliongezeka kwa karibu asilimia 4 kwa mwaka, na yale yasiyozoea watu yalipungua polepole. Sensa za miaka ya karibuni zilifikisha gorila wa milimani 1,063. Mwaka wa 2018, IUCN iliwashusha ngazi moja katika orodha ya hatari. Asili ambayo tayari imejaa waya wa binadamu haiwezi kuachiwa ijitibu yenyewe.

Katika mambo hayo yote mtunzaji alikuwa na nafasi ya kufikiri. Mjini Lubumbashi, usiku wa kuamkia tarehe 9 mwezi wa tisa 2022, nafasi hiyo ilipungua. Watu waliingia katika kituo cha J.A.C.K., kinachotunza sokwe mtu na kima walionyang'anywa wafanya biashara haramu tangu mwaka wa 2006, wakaiba watoto watatu wa sokwe mtu: Cesar, Hussein na Monga. Baadaye wakatuma video na ujumbe kwenye simu, wakidai fidia kubwa. Walitishia hata watoto wa mwanzilishi wa kituo, Franck Chantereau.

Chantereau alikataa kulipa. Alieleza wazi kwamba hakuna uhakika wanyama wangerudishwa, na kwamba akilipa mara moja wezi wangerudi baada ya muda mfupi, pale au katika kituo kingine chochote cha Afrika. Ni kanuni ileile ya langoni, ya kutotoa hata franka moja, safari hii ikiwa na sura tatu zenye majina, katika video iliyopigwa na walioziiba. Watu wengi waliitaja kuwa mara ya kwanza duniani sokwe kutekwa katika kituo cha hifadhi ili kudai fidia. Sheria yetu ina adhabu kwa mwizi wa mnyama anayelindwa. Juu ya mtunzaji aliyewekwa katika njia panda kama hiyo, iko kimya, na pengine hakuna sheria ingeweza kumsaidia.

Kisha kuna vita, ambayo Kivu haihitaji kuelezwa. Mwaka wa 2012, M23 walipofika Rumangabo, wafanyakazi wengi waliondolewa, Bauma akabaki na yatima wake. Filamu juu ya Virunga iliyotoka mwaka wa 2014 ilionyesha siku zile. Katika kipindi kile gorila Kaboko, aliyewahi kukatwa mkono kwa sababu ya mtego, alikufa huku mapigano yakizunguka kituo. Ng'ombe unaweza kumswaga barabarani pamoja na familia. Gorila wa kilo 100 aliyezoea uzio hana pa kukimbilia, na wala huwezi kumfungulia mlango aende, maana nje ni milio ya bunduki na msitu asioujua.

Mwezi wa pili 2025 swali hilohilo lilifika Kabare, uwanja wa ndege wa Kavumu, usio mbali na Lwiro, ulipoangukia mikononi mwa M23 kabla ya Bukavu. Sokwe mtu zaidi ya 100 wanakula kila siku, vita iwepo isiwepo, na chakula chao kinatoka kwa wakulima na masoko ya jirani. Mlezi mwenye watoto wake nyumbani anadaiwa nini na mnyama wa serikali? Mshahara wake haukupangwa kwa hesabu ya kufa. Zaidi ya walinzi 200 wa Virunga wamekwisha kuuawa wakiwa kazini, na mtu yeyote mwenye kudai kwamba mlezi anapaswa kubaki angetakiwa kwanza kuwatembelea wajane wao.

Wakaaji wa jirani nao wana neno lao. Kwa nini yatima wa gorila ana maziwa na mganga, na mtoto wa kijiji hana? Kujibu kwamba watalii wanaleta pesa hakumtoshi mama anayeuliza, na hakupaswi kumtosha. Pale Kahuzi-Biega jambo hili ni zito zaidi. Familia za Wabatwa ziliondolewa katika ardhi zao miaka ya 1970 mbuga ilipoanzishwa na kupanuliwa, na mwaka wa 2024 Tume ya Afrika ya haki za binadamu ilitangaza uamuzi kwamba haki zao zilivunjwa. Sheria yoyote ya kumhurumia mnyama itakayoandikwa Kinshasa bila kuwakumbuka watu hao itachekwa Kivu, na walinzi ndio watakaolipa kicheko hicho.

Pamoja na hayo, mambo kadhaa yanaweza kuandikwa bila gharama kubwa: nani anawajibika kwa mnyama aliyekamatwa tangu saa ya kwanza, akae wapi kabla ya kufika kituoni, mganga gani anaruhusiwa kukata uamuzi wa kumpunguzia mateso mnyama asiyeweza kupona, mlezi ana bima gani. Kwa sasa, mnyama anayenyang'anywa mfanya biashara anaweza kukaa siku kadhaa katika ofisi kama kitu cha ushahidi, akisubiri gari na mafuta. Mtoto wa sokwe mtu mwenye kuhara hana siku kadhaa.

Na mwisho wa kazi hiyo ukoje? Kwa Ndakasi haukuwa msitu. Kumrudisha gorila aliyelelewa na watu kati ya gorila wa milimani wachache waliobaki kungekuwa kuhatarisha familia nzima kwa ajili ya mmoja. Lakini kwa gorila wa aina ya Grauer, mlango umefunguka kidogo. Katika kituo cha GRACE, kilichoanzishwa mwaka wa 2009 kule Kasugho, wilaya ya Lubero, watunzaji waliwalea yatima kama kundi moja, wakijitahidi wategemeane wao kwa wao kuliko kumtegemea mtu. Majike wanne kati yao, Isangi, Lulingu, Mapendo na Ndjingala, walihamishiwa kwenye mlima Tshiaberimu, ndani ya Virunga, ambako walikuwa wamebaki gorila wasiofika 10. Waliwekwa kwanza ndani ya uzio ili wazoee baridi na majani ya mlima. Dume wa porini kwa jina Mwasa akawa anakuja kwenye uzio.

Mwezi wa kumi 2024 ilitangazwa kwamba majike hao wameachiwa na wamejiunga na kundi la Mwasa. Wafuatiliaji wanaendelea kupanda mlima huo nyuma yao, wakitazama vinyesi, viota vya usiku na waya wa mitego.